Mtoto amebadilika: uanzie kwa mwalimu, kwa mshauri wa kulipia au hospitalini?

Swali hili huibuka katika kundi la WhatsApp la wazazi kila muhula ukifika katikati. Mtoto wa Gredi ya Tatu aliyekuwa mcheshi sasa analia asubuhi akivishwa sare. Tumbo linamuuma Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi limepona. Ameanza kukojoa kitandani tena, au anapiga wenzake, au amenyamaza tu. Mzazi anauliza ampeleke wapi, na majibu yanamiminika: mwone mwalimu, kuna mshauri mzuri Kilimani, nenda Hospitali ya Mbagathi, mwombee, mpeleke ushago akakae na nyanyake. Hakuna jibu kati ya hayo lililo la kipuuzi. Linalokosekana ni mtu wa kusema ni lini hili na ni lini lile.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi, na njia hizi zote nimeziona zikitumika, nyingine zikifaulu na nyingine zikila pesa bure. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa mtoto wa shule ya msingi, anayefaa zaidi ni yule anayekubali kukaa na mzazi pia. Mtoto wa miaka minane hana uwezo wa kubadilisha nyumba anayolala wala darasa analosomea. Uwezo huo tunao sisi. Mtaalamu anayemchukua mtoto, akafunga mlango, kisha akakurudishia baada ya saa moja pamoja na risiti, amefanya nusu ya kazi hata kama kuta zake zimejaa vyeti.

Kabla hujachagua

Angalia kwanza shida inaonekana wapi. Kama analia shuleni tu na nyumbani ni yule yule wa zamani, kuna kitu shuleni. Kama mwalimu anakwambia darasani yuko sawa lakini jioni nyumbani hakukaliki, jitazameni ninyi. Kama ni kote kote, na imedumu zaidi ya wiki mbili hivi, basi jambo limekita mizizi na huenda ukahitaji zaidi ya mtu mmoja.

Halafu angalia mwili. Mtoto asiyeona ubaoni huitwa mkorofi. Asiyesikia vizuri huitwa jeuri. Mwenye minyoo au anayeshinda na njaa huitwa mvivu. Kupima macho na masikio katika kituo cha afya ni rahisi kuliko kikao chochote cha ushauri, na kuna watoto ambao "tabia mbaya" yao iliisha siku walipovaa miwani. Kuhusu njaa, shule za msingi za umma za Nairobi zina mpango wa Dishi na County tangu 2023: mzazi analipa shilingi tano kwa mlo, mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa na kupewa chakula. Hakikisha bangili ina pesa. Mtoto anayeona wenzake wakipanga foleni naye amebaki darasani akijifanya anasoma, huzuni yake haihitaji mwanasaikolojia.

Mwalimu wa ushauri nasaha

Shuleni wengi humwita mwalimu wa gaidansi. Ni bure, yuko karibu, na ana kitu ambacho mshauri wa Kilimani hatakipata kamwe: anamwona mtoto wako wakati wa mapumziko. Anajua nani anakaa naye, nani amemkimbia, nani anamnyang'anya kalamu. Anaweza kumhamisha dawati leo hii. Anaweza kumwambia mwalimu wa zamu asimame karibu na vyoo. Mambo madogo kama haya huponya watoto wa Gredi ya Pili kuliko mazungumzo marefu.

Udhaifu wake nao lazima usemwe. Katika shule nyingi za umma mwalimu huyu ana vipindi vyake kama wengine, darasa la watoto zaidi ya sitini, na ushauri ni kazi anayoifanya kwa dakika alizoiba mahali. Chumba hakuna. Mtoto anaulizwa mambo ya nyumbani kwao kwenye kona ya ofisi ya walimu huku mwalimu mwingine akisahihisha vitabu na kutega sikio. Na kuna shule ambazo anayeshika ushauri ndiye huyo huyo anayeshika nidhamu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kuumiza mwili na mateso ya akili, lakini tunajua sote kwamba fimbo haijatoka katika kila shule. Mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu anayemwogopa. Kama ndivyo kulivyo kwenu, omba mwalimu mwingine. Unaruhusiwa. Mara nyingi yule mwalimu wa Gredi ya Kwanza ambaye watoto humkimbilia langoni ndiye mshauri wa kweli wa shule, awe na cheo hicho au asiwe nacho.

Utajuaje kama wa kwenu anafaa? Muulize mambo matatu. Unaongea na watoto wapi? Nani mwingine atajua nitakachokwambia? Tutaonana tena lini? Akiwa na jibu la hilo la tatu, una mtu. Wengi huanza vizuri kisha mitihani ikaingia na mtoto akasahaulika.

Katika shule za binafsi za ada kubwa kuna mshauri aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Uliza kama yuko hapo kila siku au anazunguka matawi manne na kwenu hufika Alhamisi. Katika zile shule ndogo za Mathare, Kibera na Mukuru, mwalimu mara nyingi anaishi mtaa mmoja na wewe, pengine ploti moja. Anaijua familia yako bila kuelezwa, naye anaweza kupita jioni kukuona. Lakini siri ya nyumba yako nayo iko ploti. Pima mwenyewe.

Mshauri wa kulipia

Hapa unanunua muda na faragha. Saa nzima, chumba chenye mlango, mtu asiyemjua shemeji yako. Kwa mambo ya nyumbani ambayo hutaki shule iyajue, kama vile ndoa inayovunjika, mzazi aliyefungwa au baba anayelewa, faragha hiyo ina thamani yake.

Bei ni maelfu ya shilingi kwa kikao, na kikao kimoja hakimalizi jambo. Ongeza nauli. Mama anayetoka Kayole au Githurai kumpeleka mtoto Upper Hill au Westlands baada ya shule anapoteza jioni nzima kwenye foleni ya magari, na mtoto anafika amechoka hata jina lake hataki kulisema. Kama unaweza kupata mtu mtaani kwenu mwenye sifa za wastani, mimi ningemchagua huyo kuliko bingwa wa ng'ambo ya jiji. Utahudhuria vikao vyote, na kuhudhuria ndiko kunakoleta nafuu.

Wastani usiwe wa chini mno lakini. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, nayo iliunda bodi ya kuwasajili. Muulize mtu namba yake ya usajili kama unavyomuuliza fundi wa umeme leseni. Akikasirika, ondoka. Kisha muulize kama hufanya kazi na watoto hasa. Mtoto wa miaka saba haketi kwenye kochi akaeleza hisia zake. Anachora, anacheza na wanasesere, anajenga nyumba kwa vipande vya mbao na kukuonyesha nani analala wapi. Ofisi isiyo na karatasi wala kalamu za rangi ni ofisi ya watu wazima.

Kipimo kikubwa ni kikao cha kwanza. Mzuri atataka kukuona wewe kabla ya mtoto, au pamoja naye. Atakuuliza maswali yatakayokukera: mnalala saa ngapi, nani humwadhibu, mligombana lini mara ya mwisho mbele yake. Asiyekuuliza chochote na kukwambia "mwache tu, nitamshughulikia" anakupendeza kwa sababu hakugusi.

Kwa wenye mfuko mdogo, vyuo vikuu vinavyofundisha ushauri, kama Daystar na USIU-Africa, vinafaa kuulizwa kuhusu huduma za wanafunzi wa ngazi za juu wanaosimamiwa na wahadhiri wao. Kama una bima ya kazini, soma masharti yake kabla hujapanga miadi. Baadhi hulipia ushauri, baadhi hudai barua ya daktari kwanza.

Na kama una pesa za vikao vitatu tu, ushauri wangu utawashangaza wengine: tumia kimoja kwa mtoto na viwili kwa wazazi.

Hospitali ya serikali

Watu huiacha mwisho kwa sababu ya aibu. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili, ilianza 1910, na kwa zaidi ya karne moja jina lake limekuwa tusi katika jiji hili. Ukisema umempeleka mtoto Mathari, jirani anahamisha mtoto wake asicheze na wako. Ni ujinga, lakini ni ujinga unaoumiza, kwa hiyo nauelewa. Ndani yake kuna kliniki za kawaida za kutwa ambazo mtu huingia na kutoka kama anayetibiwa meno. Kama jina linakushinda, anzia Mbagathi au Mama Lucy Kibaki, useme kinachomsumbua mtoto, na daktari atakuelekeza. Kwa Hospitali ya Kenyatta, beba barua ya rufaa.

Asubuhi nzima itaenda kwenye foleni. Daktari atakuona kwa dakika chache na miadi ijayo iko mbali. Faida ni kwamba mwili na akili vinatazamwa pamoja, na dawa ikihitajika, anayeandika ana mamlaka ya kuandika. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako katika SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize kabla ni huduma gani inalipiwa na ipi utalipa mwenyewe.

Kuna dalili ambazo hazina mjadala wa wapi pa kuanzia. Mtoto anayeanguka na kutetemeka. Aliyeacha kula au kulala kwa siku kadhaa. Anayesema anataka kufa, hata kama ana miaka tisa na unadhani ameiga televisheni. Aliyekuwa anaongea vizuri akapoteza maneno. Huyu ni wa hospitali moja kwa moja.

Mtoto aliyenajisiwa ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Kituo cha kuwasaidia waathiriwa wa ukatili katika Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikitoa huduma hiyo tangu 2001. Polisi na fomu yao ya P3, ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, vinafuata, haviendi mbele ya matibabu. Wazee wa familia wakikwambia mkae chini mmalize nyumbani, kataa. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, inapokelewa usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mchungaji, ustadhi na nyanya

Hawa hawahesabiwi na wataalamu, lakini Nairobi hii ndio wa kwanza kujua. Kwa msiba, sijaona wanaowashinda. Baba anapofariki, mtoto anasafirishwa usiku hadi ushago, anazungushwa kwenye kaburi, kisha wiki ya pili amerudi darasani na hakuna aliyemweleza chochote. Mchungaji wa kipindi cha dini shuleni au mwalimu wa madrasa anayemjua anaweza kukaa naye na kutaja jina la marehemu bila woga. Nyanya naye huuliza yale ambayo sisi tumeacha kuuliza kwa haraka za mji. Likizo ya Agosti imefichua mambo mengi ambayo muhula mzima haukuyafichua.

Mpaka wao ni mmoja. Wakianza kusema mapepo au majini, au kwamba mtoto anahitaji kufunga kula ili apone, washukuru, mchukue mtoto wako, nenda hospitali.

Shida moja moja

Maelezo ya jumla huishia hewani, kwa hiyo nichukue hali tatu tunazoziona mara nyingi.

Ya kwanza ni kuonewa na wakubwa. Tangu 2023 wanafunzi wa sekondari ya chini wako ndani ya shule zetu za msingi. Kijana wa Gredi ya Nane mwenye miaka kumi na minne anatumia uwanja mmoja, na mahali pengine vyoo vile vile, na mtoto wa miaka saba. Hapa mshauri wa kulipia ni kupoteza pesa. Unaweza kumfundisha mtoto ujasiri kila Jumamosi, na kila Jumatatu wale vijana bado wako chooni. Hii ni kazi ya shule peke yake: mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa gaidansi, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya usimamizi. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Barua husogeza shule kuliko simu kumi, kwa kuwa barua inaweza kuulizwa na mtu wa juu.

Ya pili ni wazazi kutengana. Hapa shule haihitaji kujua sababu. Inahitaji kujua nani anaruhusiwa kumchukua mtoto langoni, nani anapigiwa simu akiugua, na kwamba huenda akasinzia darasani kwa muda. Basi. Mwalimu akikuuliza zaidi ya hapo, mjibu kwa adabu kwamba mambo yanaendelea. Kazi yenyewe ni ya mshauri anayewaona wazazi wote wawili, hata kwa nyakati tofauti, au mzee mmoja wa ukoo ambaye pande zote zinamheshimu na ambaye hajachukua upande. Wa pili huyu ni adimu. Shangazi upande wa baba, hata akiwa mwema kiasi gani, ataonekana ametumwa. Na kama ugomvi ni wa matunzo, yaani karo, chakula, mtoto alale wapi, ofisi ya afisa wa watoto katika kaunti ndogo yenu husuluhisha hayo chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Watu wengi hudhani afisa wa watoto ni wa kunyang'anya watoto. Sehemu kubwa ya siku yake hupita akiwaketisha mama na baba meza moja. Nimeona mtoto aliyekuwa halali usiku akatulia mara tu wazazi walipotia sahihi makubaliano ya nani ampate wikendi ipi, bila kikao hata kimoja cha ushauri. Alichokuwa anaogopa ni Ijumaa.

Ya tatu ni kuhamishwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaondoa watu kando ya mto Mathare na Mukuru, kisha matingatinga yakabomoa nyumba nyingine, na kufunguliwa kwa shule kukasogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Watoto walirudi wakiwa hawana vitabu, wengine wakiwa katika shule wasikomjua yeyote. Mvua ikinyesha wanaingia chini ya dawati. Kwa hawa, mwalimu wa darasa anatosha mwanzoni, kwa sababu wanachohitaji ni ratiba: mahali pale pale, uso ule ule, saa ile ile. Msaada wa pili ni kwa mzazi, naye anahitaji godoro kabla ya maneno. Ukiona mwezi umepita na bado anaamka akipiga kelele, au hataki kabisa kukuacha uende kazini, hapo ndipo hospitali inapoingia.

Kuna hali ya nne ambayo hukaa nje ya yote haya: mtoto ambaye si mwenye huzuni bali hasomi, anachanganya herufi, hatazami watu machoni, anazunguka darasani. Amepigiwa kelele miaka miwili na sasa ana huzuni kweli. Usianze na ushauri. Omba shule ikuelekeze kwa kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kile ambacho walimu hukiita EARC. Huko hupimwa jinsi mtoto anavyojifunza, na hupendekezwa anasomea wapi. Zipo shule za umma zenye vitengo vya watoto hawa, City Primary huko Ngara ikiwamo kwa watoto wenye usonji.

Kuhama kutoka kwa mmoja hadi mwingine

Mpe uliyemchagua muhula mmoja kama ni shule, vikao vinne au vitano kama ni mshauri. Usitafute mtoto awe na furaha. Tafuta badiliko dogo unaloweza kulishika: ameacha kulia langoni, anakula, amemtaja rafiki kwa jina. Bila hata moja la hayo, hama, wala usione haya.

Ila usihame kimya kimya. Wazazi wengi humwacha mwalimu gizani wakaenda kwa mshauri, naye mshauri anatoa mapendekezo ambayo hakuna anayeyatekeleza darasani. Ujumbe mfupi unatosha: "Mwalimu, habari ya jioni. Ni mama fulani wa Gredi ya Tatu. Tumeanza kumpeleka mtoto kwa mshauri kila Jumatano, kwa hiyo ataondoka saa tisa. Ameshauri akae mbele na asiambiwe asome kwa sauti mbele ya darasa kwa sasa. Naomba unijulishe Ijumaa alivyokuwa wiki hii." Hakuna siri ya nyumba iliyotoka, na mwalimu ana kazi mbili za kufanya. Asipojibu, mwandikie tena Ijumaa ifuatayo, mapema, kabla hajaingia kwenye matatu.